Matanga Langoni kwa Mbogo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanaoana na kugombea viti kwenye shughuli kama sisi, palikuwa na mtawala aliyeitwa Mbogo. Sogeeni karibu. Na wewe uliyelala pale amka, maana hadithi hii ina chakula ndani yake, na sitaki mtu aniulize baadaye kilipikwa nini.

Mbogo alikuwa mkubwa. Pembe zake zilikuwa nene, zimekutana katikati ya paji la uso, na yeye aliamini kwamba pembe zile ndizo akili. Nchi yake ilikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka. Kiangazi kimoja akaamuru chemchemi ile izungushiwe ukuta na iwekwe mlango. Alisema ni kwa wiki moja tu, ili tope litulie.

Mlango ule ulitengenezwa na Fundi Nungunungu. Alikuwa seremala mpole, mwenye kuongea taratibu, anayepima ubao mara tatu kabla hajaukata. Wateja wake walimlalamikia kwa uchelewaji, lakini milango yake haikupiga kelele.

Basi, wiki ikapita. Mwezi ukapita. Mlango umefungwa, maji wanachota wakubwa, na wadogo wanakwenda kufukua mchanga mtoni ili wapate kikombe cha matope. Siku ya baraza Fundi akasimama, akavua kofia yake, akauliza, "Mtukufu, ule mlango utafunguliwa lini?"

Hakuuliza zaidi ya hapo. Kesho yake asubuhi askari walimfuata karakanani wakaondoka naye. Randa yake ikabaki juu ya ubao, kazi imefika katikati.

Mkewe, Mama Siwema, akapika maharage, akaenda nayo hadi lango la Mbogo. Alipokelewa na Fisi, mkuu wa askari. Fisi akamwambia kwamba hawanaye huyo mume wake, hawajamwona, labda ametoroka na mwanamke mwingine. Kisha akala maharage. Siku ya pili vivyo hivyo, na maharage akala. Siku ya tatu ngoma ikapigwa, Mbogo mwenyewe akatangaza kwamba Nungunungu hayupo kwake, hajawahi kuwepo, na atakayesema yupo ni mwongo, naye atafungwa.

Hebu lifikirieni hilo, wanangu. Utafungwa kwa kosa la kusema kwamba kuna mtu amefungwa.

Na tena palikuwa na sheria nyingine. Wanyama zaidi ya watatu hawakuruhusiwa kukaa pamoja bila kibali. Kibali kilitolewa na Fisi, na Fisi hakuwahi kutoa hata kimoja tangu azaliwe. Kwa hiyo kila mtu alikaa kwake, akalia kwake, akaogopa kwake.

Sasa namleta Bi Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa mawe, asiye na mkia, anayetosha kwenye kapu la sokoni na nafasi ya vitunguu ikabaki. Huyu alikaa na ukoo wake juu ya majabali yaliyopakana na boma la Mbogo, kando ya lango. Asubuhi moja alikuwa ameanika tumbo juani kama desturi yao, akasikia sauti kwenye ufa wa jiwe, chini kabisa.

Chakacha. Chakacha.

Pimbi akakaza sikio. Sauti ile aliijua tangu utotoni. Ilikuwa sauti ya miiba ya nungunungu ikitikiswa. Chini ya jabali lile palikuwa na pango la Mbogo, na ndani ya pango mlikuwa na Fundi.

Aliijua sauti ile kwa sababu ukoo wa Pimbi na ukoo wa Nungunungu walikuwa watani. Mnaujua utani? Mwaka mzima mnatukanana kwa raha zenu. Wewe unamwambia mwenzako ana sura ya kiatu, naye anakuambia kiatu kina nafuu kuliko mama yako, mnacheka. Lakini akifiwa, ni wewe mtani unayechimba kaburi, unayepanga jiko, unayehudumia wageni mpaka shughuli iishe. Na siku za msiba ulimi wa mtani hauna kufuli. Anaweza kumwambia neno lolote mtu yeyote, hata mfalme, na atakayekasirika ndiye atakayechekwa.

Pimbi akateremka majabali, akaenda moja kwa moja kwa Mama Siwema. Akafunga mlango, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mumeo yu hai. Nimesikia miiba yake."

Mama Siwema akakaa sakafuni. Siku zote zile hakuwa amelia, lakini sasa alilia mpaka kanga ikalowa. Alipomaliza akasimama, akataka kukimbilia langoni akapige kelele kwamba mumewe yupo. Pimbi akamshika mkono.

"Ukisema yupo watakufunga. Wao si wanasema hayupo? Na hapa nyumbani hayupo. Mtu asiyekuwepo popote tunamfanyia nini?"

Mama Siwema akamtazama.

"Tunamwekea matanga," Pimbi akasema.

Mama Siwema hakulipenda jambo lile. Kumlilia mtu aliye hai ni mkosi, akasema, na yeye alikuwa na mikosi ya kutosha. Pimbi akamjibu kwamba yeye ndiye mtani, na kama kuna mkosi wowote basi uje ukae kwake, yeye ataubeba. Akamkumbusha pia kwamba matanga hayaombewi kibali, maana hata baba yake Mbogo aliwekewa. Na kwa desturi ya nchi, mtu ambaye maiti yake haijapatikana analiliwa pale alipoonekana mara ya mwisho. Fundi alionekana mara ya mwisho akiingizwa kwenye lango la Mbogo.

Kesho yake jua likachomoza juu ya uwanja ulio mbele ya lango lile, na wanyama wakaanza kuja, mmoja na mkeka wake, mwingine na sufuria, mwingine na kuni kichwani.

Hapa ndipo ninapompendea Pimbi. Mimi bibi yenu nimekaa kwenye misiba mingi, na nimeona mambo yanavyoharibika. Watu wanajaa, wanalia siku ya kwanza, siku ya pili chakula hakitoshi, siku ya tatu wanagombana nani alale wapi, siku ya nne kila mtu kwake. Pimbi aliyajua hayo. Kitu cha kwanza alichopanga hakikuwa jiko, wala hotuba, wala mahali pa kukaa wakubwa. Kilikuwa choo.

Msicheke. Pimbi ukoo mzima hutumia choo kimoja tangu enzi na enzi, kwa hiyo kazi hiyo waliijua. Wakachimba upande ambao upepo hauleti harufu, wakazungushia makuti, wakaweka majivu na kopo. Ndipo wakahamia kwenye jiko. Mafiga yakapangwa, Kobe akakabidhiwa moto kwa sababu hana haraka na hajawahi kuunguza kitu. Kanga wakapewa ufagio, Digidigi wakapewa maji kwa zamu, wawili wanakwenda mtoni, wawili wanapumzika. Juu ya jabali akakaa pimbi mmoja kutazama njia, na kila jua likisogea kidogo anapokewa na mwingine.

Sheria za pale zilikuwa chache, na Pimbi alizirudia kila asubuhi mpaka watoto wakazijua kwa moyo. Hakuna kurusha jiwe. Hakuna kutukana, isipokuwa yeye mtani. Na yeyote anayekuja, awe nani, anapewa chakula, kisha anapewa kazi.

Siku ya tatu lango likafunguliwa, Fisi akatoka na askari wake. Alikuja na amri kwenye karatasi. Uwanja unafungwa, akasoma, kwa sababu ya uchafu na hatari ya magonjwa.

Pimbi akamkaribisha akague. Fisi akazunguka. Alipita kwenye mikeka iliyopangwa mstari, akapita jikoni, akafunua sufuria, akaenda mpaka chooni akachungulia kwa muda mrefu. Choo kile, wanangu, kilikuwa safi kuliko cha boma la Mbogo, na Fisi alikijua cha boma la Mbogo. Akakunja karatasi yake. Kabla hajaondoka Pimbi akamwambia, kwa haki yake ya utani, kwamba kwa pua ile aliyonayo na kwa chakula anachokula, yeye Fisi ni mtu wa mwisho duniani kuzungumzia uchafu. Uwanja ukacheka. Askari wawili nao wakacheka, wakajifanya wanakohoa.

Siku ya tano akarudi. Safari hii akauliza kiongozi wao ni nani, ajitokeze. Alikuwa amefikiri vizuri: umkamate mmoja, wengine watatawanyika.

"Kwenye matanga?" Pimbi akauliza. "Mwenye shughuli ni marehemu. Mkimpata, mkamateni."

Fisi akatazama huku na huku. Anayegawa chakula leo si aliyegawa jana. Anayegawa zamu leo kesho yuko chooni na ndoo ya majivu. Mama Siwema amekaa kwenye mkeka wake, mfiwa, huwezi kumkamata mfiwa. Na Pimbi ni mtani tu, kazi yake kutukana. Fisi akaondoka bila mtu.

Askari walioachwa kulinda lango walisimama juani. Mchana, Kobe akawapelekea sahani. Wakakataa. Kesho akawapelekea tena, akaziweka chini, akaondoka taratibu, na mnajua Kobe anavyoondoka: harufu ilikuwa na muda wa kutosha kufanya kazi yake. Boma la Mbogo liliwapa askari makapi na mahindi ya mwaka juzi. Maharage ya pale uwanjani yalikuwa na nazi. Kufikia siku ya saba askari walikuwa wanarudisha sahani wenyewe, zimeoshwa.

Ndipo Fisi akamtuma Mbweha.

Mbweha alikuwa kachero. Akavaa nguo za msiba, akapewa kazi moja: aingie katikati yao, arushe jiwe langoni. Jiwe moja tu lingetosha, askari wapate sababu ya kuvunja kila kitu. Akaingia asubuhi, jiwe mfukoni, analia kuliko wafiwa wenyewe.

Pimbi akamwona. Mtu ambaye hajawahi kukutana na Fundi hata siku moja, halafu analia hivyo, anajulikana. Lakini hakumfukuza wala hakumwumbua. Akampa pole, akampa uji, kisha akampa mwiko. Siku hiyo wanyama walikuwa mia mbili, na aliyekuwa asonge ugali alikuwa na jipu.

Mbweha akasonga. Mmeshawahi kusonga ugali wa watu mia mbili? Mkono unakufa, jasho linakuingia machoni, na ukisimama kidogo unashika madonge. Alipomaliza hakuwa na nguvu ya kurusha hata punje ya hindi. Kesho akarudi na jiwe lake, akakuta mwiko unamngoja. Siku ya tatu ya kazi yake Kobe alionja ugali, akatafuna kwa muda wake, akasema hajawahi kula ugali laini kama ule. Hakuna aliyewahi kumwambia Mbweha neno zuri kuhusu kazi yake. Jioni ile alilitoa lile jiwe mfukoni, akalitazama, akaenda akaliweka chini ya sufuria iliyokuwa inayumba. Lilikaa sawasawa.

Fisi akamngoja mpaka akachoka. Akaenda kwa Mbogo, na Mbogo sasa alikuwa hali vizuri, maana kila akitaka kutoka anakuta nchi nzima imekaa mlangoni kwake kwa adabu, inampa shikamoo. Akatoa amri mpya: matanga yote nchini ni siku tatu, basi.

Pimbi akaipokea amri kwa mikono miwili. Akasema ni amri nzuri na wataifuata. Ila siku za matanga huhesabiwa baada ya kuzika, na wao hawajazika. Mtukufu awape maiti, wazike, siku tatu zianze.

Ngoja niwaambie sasa jambo ambalo Pimbi hakumwambia mtu. Kila asubuhi alipanda majabali akatega sikio kwenye ule ufa, na kila asubuhi alisikia chakacha, akashuka na moyo mwepesi. Lakini asubuhi ile, siku ya kumi na nne, hakusikia kitu. Siku ya kumi na tano pia kimya. Akashuka, akamwendea Mama Siwema aliyekuwa anachambua maharage, akamtania kama kawaida kuhusu unene wake. Alijua kwamba huenda msiba ule wa uongo alikuwa ameugeuza wa kweli, na mkosi alikwisha sema ataubeba yeye.

Mbogo akamuuliza Fisi maiti itatoka wapi. Fisi akasema ni rahisi. Kwa desturi, asiyepatikana huzikwa mgomba badala yake. Wakate mgomba, wauvishe sanda, wawape hao wapuuzi wauzike, siku tatu zipite, uwanja ubaki mtupu. Mbogo akafurahi. Akakata mgomba mkubwa kwenye shamba lake mwenyewe, akatoa sanda nyeupe, na ili ionekane ana huruma akaamua kuuleta kwa mikono yake.

Hapo ndipo alipokosea. Aliijua desturi nusu.

Pimbi alipoona mgomba akainama mpaka chini. Akamshukuru sana Mtukufu. Kisha akasema, kwa upole, kwamba aliyetoa sanda ndiye anayesimama kichwani mwa kaburi mpaka mwisho, na hilo Mtukufu analijua, kwa sababu alipozikwa baba yake ndivyo ilivyofanyika. Mbogo hakuweza kusema halijui. Akasimama.

Kaburi watani walilichimba wapi? Ukingoni mwa uwanja, chini ya jabali, kwenye ukuta wa boma, kando kabisa ya mlango wa pango. Fisi akapinga. Pimbi akauliza kuna ubaya gani kuzika hapo, au ndani ya pango kuna mtu atakayesumbuliwa? Fisi akawapisha wachimbaji.

Wanyama wote wakasimama, mia tatu na zaidi. Askari nao walikuwapo, na Mbweha mwenye unga mpaka viwikoni. Mgomba ukateremshwa. Mama Siwema akachukua udongo mkononi.

Pimbi akarukia ndani ya kaburi, akalala chali juu ya mgomba, mikono kifuani.

Wanyama wakaguna, lakini hawakushangaa sana. Mtani ana haki ya kuzuia maziko mpaka apewe anachotaka. Mbogo akauliza anataka nini, kuku? Unga?

"Sitaki kuku," Pimbi akasema kutoka shimoni. "Desturi ya mgomba inasema marehemu aitwe kwanza mara tatu. Asipoitika, tufukie. Naomba kimya tu, Mtukufu. Kimya chako ndicho zawadi yangu."

Mbogo akatazama Fisi. Fisi akatazama miguu yake. Wangesema nini? Mtu ambaye hayupo ataitikaje?

Kukawa kimya. Hata watoto walinyamaza. Pimbi akavuta pumzi. Mnyama yule ni mdogo, lakini sauti yake inavuka bonde.

"Fundi Nungunungu!"

Kimya.

Mama Siwema alikuwa anatazama ukuta wa pango. Yeye hakujua kuhusu zile siku mbili. Alikuwa anatabasamu kidogo, kwa uhakika, na Pimbi alipoliona tabasamu lile kutoka kule chini alitamani ardhi imfunike yeye kweli.

"Fundi Nungunungu!"

Kimya. Fisi akaanza kusogea na koleo.

Pimbi akafumba macho. Sasa hakuita kama mtani, aliita kama mtu anayeomba. "Fundi. Mtani wangu. Hata kidogo tu."

Kwanza haikuwa sauti. Ilikuwa kama mtu anakwaruza mchanga kwa ukucha. Halafu ikaja, dhaifu, kutoka nyuma ya mlango wa pango.

Cha. Ka. Cha.

Ikaja tena. Chakacha. Na safari hii waliisikia wote, wa mbele na wa nyuma, na askari, na Mbogo mwenyewe akiwa amesimama kichwani mwa kaburi la mtu aliyetangaza kwa ngoma kwamba hayupo.

Fisi alizinduka kwanza. Akawaamuru askari wake wausafishe uwanja. Askari wakatazamana. Mchana huo walikuwa wameahidiwa wali. Mmoja akajikuna shingo. Hakuna aliyeinua mguu.

Mbogo alikuwa ameinamisha pembe. Angeweza kukanyaga watu, nguvu alikuwa nazo. Lakini watu mia tatu walikuwa wanamtazama bila kusema neno, na kitu kama hicho hakuwahi kufundishwa namna ya kukipiga. Na hapo, wanangu, Pimbi akafanya jambo ambalo mimi nisingeliweza, kwa hasira nilizo nazo. Akamfungulia njia.

"Mtukufu," akasema, akijipangusa udongo, "marehemu amefufuka. Ni heri kubwa katika utawala wako. Wafungulie watu heri yao."

Mbogo akaikamata kauli ile kama mtu anayezama. Akanguruma kwamba ndiyo, ni heri, ni ajabu, mlango ufunguliwe. Fisi akatoa funguo. Akazidondosha mara mbili, ndipo akafungua.

Fundi Nungunungu akatoka. Alikuwa amekonda, nusu ya miiba imeng'oka, midomo imekauka kwa sababu siku mbili zile hawakumpa maji. Mama Siwema akamkimbilia. Alimshika tu, miiba na yote, ikamchoma, hakujali. Digidigi wakaleta maji. Kobe akaanza safari ya kuleta maharage.

Fundi alipomaliza kunywa akaona kaburi, na sanda, na kile kilicholala ndani. Akauliza huyo ni nani.

"Ni wewe," Pimbi akasema. "Na umependeza kuliko ulivyo sasa."

Fundi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akageuka, akamwona Mbogo. Akapeleka mkono kichwani kuvua kofia, akakumbuka kofia hana tena. Akaushusha mkono, akauliza kwa sauti yake ileile ya taratibu.

"Mtukufu, ule mlango utafunguliwa lini?"

Fisi akakohoa kwa ukali. Mara ile ya kwanza, kwenye baraza, swali hili lilifuatiwa na kimya, na kila mtu alitazama chini. Fundi alisimama peke yake na kofia mkononi. Mimi ningekuwepo siku ile, sijui kama ningeinua uso, nawaambia ukweli.

Safari hii Mbweha aliweka mwiko chini, akajifuta unga.

"Hata mimi ningependa kujua," akasema.

Kanga mmoja akasema naye angependa kujua. Digidigi wakasema. Kobe, aliyekuwa bado njiani na sahani, akasema bila kusimama. Kisha askari mmoja wa lango akasema, halafu wa pili. Hakuna aliyepiga kelele. Waliuliza kwa zamu, kama walivyokuwa wamezoea kufanya kila kitu pale uwanjani.

Mbogo akatazama pembe za uwanja moja baada ya nyingine, akitafuta kiongozi wao. Hakumpata.

"Leo," akasema.

Fundi aliung'oa mlango ule wa chemchemi mwenyewe, polepole, bila kuharibu bawaba hata moja. Wakaubeba mpaka uwanjani, wakaulaza juu ya kaburi la mgomba, na siku ile waliula wali wao juu yake. Baadaye wakakunja mikeka, wakafukia choo, wakafagia. Palibaki safi kama hapajakaliwa.

Mbogo aliendelea kuwa mkubwa, na pembe zake zilibaki nene. Ila mpaka anakufa, kila alipoambiwa kwamba wanyama wadogo wameonekana mahali wanachimba choo, hakupata usingizi.

Hadithi imefika mlangoni, naifungulia iende zake, na neno langu kwenu ni moja: mwenye nguvu hawaogopi wengi wanaolia, anawaogopa wachache waliogawana kazi.